Daftari Lililovikwa Sheria za Ulaya

Nimefedheheka, tena mchana kweupe: Ijumaa, tarehe nane Desemba, saa nne na robo asubuhi, ndani ya ghala la pamba hapa Kasoli. Nawaandikia ninyi wenzangu wa bwenini kabla hamjasikia kwa watu.

Tangu soko lifunguliwe, kila mwenye mkoba ni mfanyabiashara. Wa pamba wamekuja, wa ngozi wamekuja, na wiki hii kaja wa kuuza Ulaya. Anajiita Wakala. Tai shingoni, jua hili! Baba mdogo ndiye aliyemleta (baba mdogo huleta kila kitu isipokuwa faida).

Wakala akatandaza fomu juu ya mzani. "Mwanafunzi kule anasoma asubuhi. Mchana yuko kiwandani. Jioni anaosha vyombo hotelini. Miezi mitatu tu, maksai wenu wanarudi na ndama!"

Watu wakapiga makofi. (Maksai, jamani. Warudi na ndama!)

Kaka yangu Masanja alishavaa koti zito tangu juzi, eti anajizoeza baridi. Nje, baba alikuwa amefunga maksai wetu wawili, jozi pekee tuliyo nayo. Akisaini tu, Wakala anaondoka nao kuwa nauli ya Masanja, na sisi tunarudi kwenye jembe la mkono. Na mimi nilijua ni uongo.

Nilijua kwa sababu mwaka jana niliandikia ubalozi mmoja kuomba vipeperushi vya bure, kama sote tunavyofanya. Ukurasa mmoja unaeleza wazi: mwenye viza ya mwanafunzi hafanyi kazi bila kibali, na akikipata ni saa ishirini tu kwa wiki. Tena kabla ya viza aonyeshe ana pesa za kujitunza. Karatasi inang'aa vile ningeitupa? Nikalivika daftari langu iwe kava.

Mnanijua. Kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu hunitoa jasho. Lakini baba aliposhika kalamu, mkono wangu ukanyooka wenyewe, daftari juu.

"Baba, usisaini! Hapa wameandika hawaruhusiwi!"

Wakala akatabasamu, akalichukua. "Hebu tuone sheria za binti." Akafungua NDANI.

Ndipo nikakumbuka ni daftari lipi. (Shajara. Shajara yangu, ndugu zanguni!)

Akasoma kwa sauti ya katekista: "'Jumatatu. Baba mdogo kafika tena ugali ukiiva. Pua yake inalijua jiko letu kuliko mama.'"

Ghala zima likaangua kicheko. Baba mdogo akatazama paa.

"'Jumanne. Baba akisali kabla ya kula hufumbua jicho moja kulinda nyama.'"

Nikatamani marobota yaniangukie.

"'Jumatano. Nimejizoeza mbele ya kioo kumsalimia Kija wa kwaya. Nimeona aibu. Nimekikimbia kioo.'"

Kija alikuwa mlangoni! Akajifanya anakagua bawaba.

Wakala, kanogewa, akafunua tena: "'Alhamisi. Huyu Wakala anapandisha watu ndege, mbona yeye kaja kwa baiskeli ya kuazima? Na kiatu chake cha kushoto kime...'"

Akalifunga daftari haraka.

"Malizia," baba akasema. "Kimefanyaje?"

Macho yote yakashuka miguuni kwake. Kidole gumba kilikuwa kinatuchungulia.

Baba akamnyang'anya daftari, akanipa. "Haya, ng'wana wane, mwanangu. Sasa soma la nje."

Nikasoma huku natafsiri, sauti kama mbu. Kibali. Saa ishirini. Pesa mkononi kwanza.

"Hizo sheria za zamani, mzee!" Wakala akalalama.

"Za zamani kuliko kiatu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Baba akarudisha kalamu. "Wewe tangulia ukaoshe vyombo. Siku maksai wako akizaa, njoo tuzungumze."

Maksai wamepona. Mimi je? Njia nzima watoto wananiita Kioo. Masanja hajanisemesha. Na ninyi mkicheka, nawaapia, nahama bweni.

*

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, baba hakutaja daftari. Akanipa kamba tu. Nikatangulia mbele ya maksai, Masanja nyuma kashika plau, kanuna, analima mistari kama njia ya nyoka makusudi. Jua lilikuwa limeshapanda aliposema neno la kwanza.

"Hizo saa za kibali ni ngapi vile?"

"Ishirini kwa wiki."

"Leo tumefanya ngapi?"

"Tatu."

Akafuta jasho, akatazama shamba lilivyobaki. "Ishirini tu, halafu mtu anapumzika..."

"Hapa hakuna kibali!" baba akafoka kutoka mwisho wa mstari. "Geuza ng'ombe!"

Nikageuza.