Malalamiko Kuhusu Sinia Jeusi la Uji

Kwa Mke wangu mpendwa,
Mkuu wa Jiko na Msimamizi wa Dawa zangu,

Pamoja na heshima zote unazostahili, naungama jambo nililokuficha tangu daktari aliponikataza kompyuta: sinia jeusi unaloniletea uji kila asubuhi si sinia. Ni skrini ya kompyuta, ile ndogo ya kubeba mkononi. Siku ulipokusanya vifaa vyangu ukavifungia kabatini, niliipachika katikati ya masinia yako, nikijua jikoni hutapekua. Kesho yake ukaniletea uji juu yake. Nikaunywa.

Ukishatoka, naiunganisha na kompyuta yangu ya ubao mmoja, kadi ndogo ya saketi isiyo na skrini yake, ambayo nimeificha kwenye kasha la miwani. Natengeneza kile ulichokiita upuuzi wa mstaafu: mlango wa banda la kuku utakaofunguka wenyewe kukicha. Pumzi zangu zinaniishia, na goti lako halipatani na baridi. Sitaki nikishaondoka uwe unachechemea alfajiri kuwafungulia kuku. Lakini nitamalizaje, ikiwa chombo changu kinateswa namna hii?

1. Unakisugua kwa waya wa sufuria. Sasa kina mkwaruzo toka pembe hadi pembe, na kila ninachoandika kinaonekana kama kimekatwa na mwalimu mkali. Mimi niliyesahihisha madaftari ya fizikia maisha yangu yote, nastahili hilo?

2. Umemwazimisha dada yangu chombo hiki. Alipokisifia wembamba na kukuuliza umekinunua wapi, ulimjibu bila kupepesa macho kwamba wifi mzuri haulizi maswali, anaazima na kurudisha. Alirudisha, kweli. Kinanuka vitunguu, na nyuma amebandika plasta yenye jina lake. Nilipodai plasta itolewe, ukaniambia, “Mzee, umeanza kugombania vyombo vya wanawake?” Nikajifunika shuka kama mwizi.

3. Umetua birika la moto juu yake. Hapo katikati pamebaki duara jeupe, na sehemu ya programu inayouambia mlango ufunguke iko chini ya duara hilo. Kuku wakishinda ndani mchana kutwa, lawama ni za birika.

4. Mjukuu wetu wa kike amekitumia kutelezea ngazini. Ulimkemea kwa kuchafua gauni. Kuhusu skrini hukusema neno.

Kwa hiyo naomba, tena kwa maandishi, chombo hiki kistaafishwe usinia mara moja. Kipewe kitambaa laini na mahali pake mezani. Wageni wote watambulishwe kwacho kwa cheo chake halisi. Na siku ya msiba wangu, isitokee mtu akawapitishia waombolezaji chai juu ya kazi yangu huku mimi nimelala chumba cha pili, nisiweze kupinga. Ukikataa, nitagoma kunywa uji, na daktari nitamweleza sababu.

Nisalimie dada yangu, umwambie abandue plasta yake. Nisalimie wajukuu, mtelezaji akiwemo, na kuku wote, hata yule jogoo asiyeniheshimu.

Ni mimi, mumeo na mgonjwa wako,
Mwalimu Mstaafu

N.B. Nimesoma tena nilichoandika, na naona si haki nikuache hivi. Mlango wa banda ulishakamilika. Asubuhi unapoukuta wazi ukajilaumu kwamba umesahau komeo, hukusahau kitu. Ni ile kompyuta, wajukuu wamenifungia bandani, na haihitaji tena skrini. Basi usistaafishe chochote. Sinia la mbao la chakula cha mchana huwa unaliweka kwenye kigoda na kwenda zako. Hili jeusi linateleza mapajani mwangu, kwa hiyo unakaa kitandani, unalishikilia ukingoni na kunisimulia mambo ya jirani mpaka uji uishe. Mikono yangu inatetemeka, ndiyo, lakini sinia naweza kulishika mwenyewe; nilikuficha hilo usije ukaondoka.