Kufuta Siyo Kufutika

Habari aliisoma Redio, kinyozi, wembe ukiwa mkononi na kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Aliisoma kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, maana angeisoma kimoyomoyo jina la Redio lingekuwa la bure.

"Sikieni haya! Ofisi moja imeuza kompyuta zake chakavu mnadani. Aliyenunua moja kafika nayo nyumbani, kaifungua, kakuta majina ya watu elfu nne, magonjwa yao, talaka zao, mpaka picha za mkurugenzi ufukweni na mtu ambaye si mkewe!"

Benchi la mbele ya kibanda chake likalia kwa uzito wa watu kugeuka kwa pamoja.

"Huo ni uvunjifu wa haki za raia," alisema Mheshimiwa, akaweka kikombe cha kahawa chini ili apate mikono ya kuhutubia. Uheshimiwa wenyewe aliupata alipogombea udiwani akaambulia kura kumi na moja, ilhali nyumbani kwake kuna wapiga kura kumi na wanne. "Ningekuwa barazani, ningedai maelezo."

"Anza kudai kwa wale watatu wa kwako," Redio akamrushia.

Karani alicheka. Alikuwa mtu wa makamo yaliyovuka makamo, mjane wa miaka sita, aliyestaafu mahakamani baada ya miaka thelathini ya kupiga chapa maneno ya watu wengine. Mambo ya kompyuta aliyaona yake.

"Uzembe tu huo," alisema. "Mimi wiki iliyopita nilipomuuzia Mama Sindano ile yangu, nilifuta kila kitu. Nikaenda kwenye pipa la taka la humo ndani, nikalimwaga na lenyewe. Safi, kama kichwa anachonyoa Redio."

"Kichwa changu bado upande mmoja," mteja alinung'unika.

Pembeni ya benchi, Daktari alikohoa. Si daktari wa watu. Ni fundi wa kompyuta, kijana wa maneno machache, na wagonjwa wake wote hulala kifudifudi mezani wamefunguliwa matumbo. Alipuliza kahawa yake, akanywa, akapuliza tena.

"Mzee wangu," alisema, "ukifuta faili, kompyuta haichomi kitu. Ichukulie kama kitabu. Inachana ule ukurasa wa yaliyomo tu. Sura zote zimo, neno kwa neno, mpaka aje mtu aandike juu yake."

"Na pipa nililomwaga?"

"Umemwagia palepale ndani ya nyumba."

Karani aliweka kikombe chini. "Na mtu akifomati?"

"Kufomati kwa haraka ni kubandua jalada. Kitabu kipo."

"Loo!" Redio alipiga paja. "Kumbe ile simu niliyomuuzia shemeji yangu..." Ilikuwa mara ya kwanza Redio kukatika katikati ya matangazo, na wote wakamtazama kwa hamu.

Lakini Karani hakuwa na nafasi ya aibu za Redio. Ndani ya kompyuta ile, katika folda aliyoiita "Stakabadhi za maji" ili asiifungue mtu, mlikuwa na barua kumi na saba. Zote alimwandikia Mama Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenzake, mwenye kicheko kinachofika benchini kabla yake. Miaka miwili aliandika, na hakupeleka hata moja. Alipomuuzia kompyuta kwa bei ya kutupa, alijiambia kwamba sasa amezifuta na kwenye moyo pia. Kumbe amemfikishia barua mwenyewe, mlangoni, tena akamsaidia kuzibeba.

"Ninaye rafiki," alianza taratibu.

"Aah, rafiki!" benchi zima likaitikia.

"Rafiki tu, jamani. Kauza kompyuta, ana mambo yake humo. Afanyeje?"

"Aitumbukize kwenye maji ya chumvi," alisema Redio.

"Apitishe sumaku ya spika," alisema Mheshimiwa. "Au aunde tume."

"Aichome moto, na nyumba iliyomo," mteja alimalizia, akishika upande wenye nywele.

Daktari hakucheka. "Mwambie rafiki yako dawa ni kuandika juu. Kuna programu inajaza diski sifuri tupu, toka mwanzo mpaka mwisho. Diski ya kuzunguka, mara moja inatosha. Wanaosema mara saba ni ushirikina tu. Hizi mpya zisizozunguka zina amri yake nyingine. Akiona tabu, aitoboe kwa drili. Ila," akapuliza kahawa ambayo ilishapoa zamani, "awahi kabla mwenye kompyuta hajaifungua."

"Na kama ameshaifungua?"

"Hapo rafiki yako aombe dua."

Karani alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuinunua kompyuta yake tena, kwa bei yoyote, alipokisikia kicheko. Mama Sindano alikuwa akivuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kompyuta kaikumbatia.

"Daktari, nimekuletea. Vipimo vyangu viko salama kwenye flashi. Sasa ifute kabisa, nianze nayo upya."

"Ifute!" Karani aliruka. "Ifute hapahapa! Sasa hivi!"

Mama Sindano alimgeukia polepole. "Una haraka gani, Karani? Kuna chako humu?"

"Hakuna."

"Basi zile barua kumi na saba ni za nani, zinazoanza 'Mpendwa jirani wa ng'ambo'?"

Wembe wa Redio ulibaki hewani. Mheshimiwa alifunga mdomo, na hilo halikuwahi kutokea hata siku ya matokeo.

"Jana nilifuta vipimo vya sare za shule nzima kwa bahati mbaya," mama aliendelea, akiketi benchini kama aliyeitwa kutoa ushahidi. "Nikamkimbilia Daktari. Akatega programu yake ya kufufua, vipimo vikatoka. Na barua zikatoka nyuma yake, mkia kwa kichwa."

Karani alimgeukia Daktari. "Ulijua? Muda wote huu unanipigia hadithi za vitabu na majalada, unajua?"

"Tangu jana saa tisa," Daktari alikiri. "Lakini mimi ni daktari, mzee wangu. Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Tatu za kwanza," alisema Mama Sindano, "umeniandikia kama hati ya mashtaka. 'Mimi niliyetajwa hapo juu.' Ya tano unasema nina miaka hamsini. Nina arobaini na nane. Ya tisa..." Alishika futi yake, akaikunja, akaikunjua. "Ya tisa nimeisoma mara mbili."

Karani alimsogelea. "Na jibu?"

"Jibu la nini? Mimi sijaandikiwa barua. Nimezikuta takani, na mwanamke mwenye akili zake hajibu barua ya jalalani. Daktari, futa zote."

"Hata ya tisa?" Karani aliuliza.

"Hata hiyo. Aliyeiandika yu hai, ana mdomo, na dukani kwangu anapajua." Akasimama, akapangusa sketi, akavuka barabara bila kugeuka.

Daktari aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mapajani, akamsogezea Karani. "Bonyeza mwenyewe. Hii ndiyo ile isiyorudi."

Karani alirudisha kidole nyuma. "Nitolee kwanza nakala ya tisa. Moja tu. Sikumbuki nilisemaje."

"Mteja wangu ni yule, na kasema zote."

Karani alibonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo, na yeye akaufuata kwa macho kana kwamba angeweza kuuwahi. Asilimia moja. Mbili. Ilipofika ya nne alifunga kifungo cha juu cha shati, akakifungua, akakifunga tena, akaondoka benchini.

"Subiri nikuandikie hotuba!" Mheshimiwa alimkimbilia na kalamu.

"Usiniandikie kitu," alisema Karani.

Walimwona akivuka, akikwepa baiskeli asiyoiona, akisimama mbele ya duka la cherehani. Mlango ulikuwa wazi hadi ukutani. Hata hivyo alipiga hodi, mara tatu, kwa adabu zote za mahakamani.

"Karibu," sauti ya ndani ilimjibu. "Anza."