Uzinduzi wa Mgonjwa wa Mfano, Kibondo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe. Viongozi mliofika na mliotuma udhuru. Masheikh, wachungaji, wafanyabiashara wa sokoni, wauguzi, na ninyi wauguzaji mlioacha wagonjwa wenu wodini kuja kunisikiliza: mwakeye! (Wanaitikia kivivu salamu hiyo ya asubuhi ya Kiha. Ni saa saba mchana, na walialikwa saa tatu asubuhi.)

Mimi, Stanislaus Niyubahwe, Mratibu Mkuu, nimesimama hapa kuzindua kituo cha simulesheni ambacho, kwa kuzingatia kapasiti bildingi shirikishi, kitawawezesha wanafamilia kufanya mazoezi kwa mgonjwa wa mfano, wakosee kwake wapendavyo, ili wakirudi nyumbani Kumsenga na kwingineko wasikosee kwa mgonjwa halisi, (makofi) na tayari asilimia tisini na sita ya wanufaika mia nne na themanini wameridhika, fidibaki ambayo niliiandaa mapema ili kuokoa muda. (Kicheko nyuma.)

Na mgonjwa mwenyewe ndiye huyu! (Shuka linaondolewa. Kitandani kuna sanamu la kuvalishia nguo dukani. Uso wake ni laini kama yai.)

Naona mkono. Mama, kwa kifupi.

(“Naitwa Esteri Ndayikunda, natoka Busunzu. Mume wangu Evaristi amepooza, analishwa kwa mpira wa puani. Anaruhusiwa leo. Siku nne naambiwa nisubiri kituo kifunguliwe ndipo nifundishwe. Uji ukiingia kwenye mapafu atanifia mikononi. Sasa nionyeshe, mheshimiwa, mpira unapita wapi hapo.” Watu wananyoosha shingo kulitazama sanamu.)

Swali zuri sana, na nimelipokea kama swali. Pua, mama, ni komponenti ya awamu ya pili, kwa sababu wataalamu tulikubaliana kwamba tukianza na pua tutakuwa tumeibagua midomo, ambayo nayo iko awamu ya tatu, kwa hiyo nakuomba uwe na subira ya kimkakati.

(Muuguzi Faudhia anainuka. “Twende, dada. Anakula saa nane. Utamlisha mwenyewe, mimi nitakuwa pembeni.” Esteri anafunga kanga yake vizuri na kumfuata. Wauguzaji wengine nao wanatoka, mmoja mmoja, bila kuaga.)

Makofi kwa wanaotoka, wanakwenda kutekeleza! (Hakuna anayepiga.) Simulesheni oyee! (Mlinzi anaitikia.) Muuguzaji kwanza, mgonjwa baadaye!

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Bwana Shamsi kwa kutuazima sanamu, na atalichukua saa tisa. Namshukuru Mama Swaumu kwa kitanda, na wenye ukumbi kwa kutusogezea harusi hadi jioni. Wa mwisho ni mfadhili wa kituo hiki, ambaye bado hatujamwandikia barua, kwa sababu tulikuwa tunasubiri picha.

Mpiga picha, hebu wahi wodini. Nasikia huko kuna mafunzo.