Swara Mpya Imetunyang'anya Mama

Edwin Kipyego,
Mtaa wa Kapsoya,
Eldoret.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nyanda za Juu Motors,
Eldoret.

Ndugu Meneja,

KUH: GARI LENU LA SWARA, UMBO JIPYA, NA MADHARA YAKE KWA FAMILIA YA MAREHEMU MZEE KIPROP WA MOIBEN

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye, hadi mahindi ya mwaka jana yalipovunwa, hakuwa na ugomvi wowote na kampuni yako. Mimi ni mwalimu wa Biashara katika shule moja hapa mjini, na ni kifungua mimba wa Mama Chebet wa Moiben. Huyo Mama ndiye chanzo cha barua hii. Mama amepotea. Hayuko hatarini, la. Amepotea kwa maana kwamba tukienda kwake hatumpati, na aliyemchukua ni ninyi.

Ili unielewe, sharti ujue tulivyokuwa. Tangu Baba atutoke, Mama hakuvuka geti lake. Kanisa lilimjia nyumbani. Duka lilimjia nyumbani. Mimi na dada yangu Rael tulimfuata kila Jumapili na watoto wetu, na kila Jumapili tulimkuta pale pale getini, kwenye kigoda, shuka mabegani, akitazama barabara kama mtu aliyeambiwa asubiri. Tulimsihi aje mjini magoti yake yaangaliwe. Alitujibu, "Dunia nimeiona ya kutosha. Iliyobaki nitaionea hapa." Tulihuzunika sana, lakini pia, Bwana Meneja, tulikuwa tunajua Mama yuko wapi.

Ndipo nikaamua kununua gari la kumbeba. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeshawatajia walimu wenzangu habari za gari hilo, lakini nia hasa ilikuwa magoti. Mfanyakazi wako, Bi. Nyaguthii, akatupa fursa ya kulijaribu. Hapo ndipo maovu yalipoanza, nami nayapanga kama ifuatavyo:

1. Uso wa gari.

Swara ya zamani ilikuwa na taa za mviringo na sura ya ng'ombe mpole anayesubiri kukamuliwa. Hakuna aliyemchukia na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Mkaona haitoshi. Mkaipa ile mpya taa nyembamba zilizopanda kuelekea mashavuni, na mdomo mpana wa kung'aa, kama shemeji aliyefika harusini mapema. Tulipoingia nayo Moiben Jumamosi ya kwanza, nilitarajia Mama ageuze uso, kama anavyoyafanyia magari yote. Badala yake aliinuka kwenye kigoda, akaja mpaka mbele ya gari, akaishika pua kwa kiganja jinsi anavyoshika ndama.

"Hii nayo inacheka nini?" akauliza.

Kisha akacheka mwenyewe. Akacheka hadi akashika kiuno. Rael alinitazama, nami nikamtazama. Tangu mazishi tulikuwa tumejaribu vichekesho, wajukuu, televisheni na wachungaji wawili tofauti. Hakuna kilichofaulu. Halafu bati na plastiki zenu zikafaulu kabla hata injini haijazimwa. Naomba kuuliza: je, huu ni uungwana kwa watoto waliohangaika?

2. Madaraja matatu ya gari.

Kama mngetengeneza Swara moja tu, Mama angeikataa na mambo yangeisha, maana kukataa ndiyo kazi aliyoizoea. Lakini nyinyi mmetengeneza tatu, na mtu akipewa tatu anaanza kulinganisha, na anayelinganisha tayari amenaswa. Hilo hata mimi hulifundisha Kidato cha Pili.

Alianza na Swara Msafiri, ile ya bei ya chini, yenye viti vya kitambaa na magurudumu ya chuma kavu. Mama aliketi, akabonyeza kiti kwa kidole, akatoka. "Hii ni gari ya mtu wa kutumwa," akasema. "Ni nzuri, lakini mwenye nayo kila mara atatumwa."

Jumamosi iliyofuata Bi. Nyaguthii akaileta Swara Mheshimiwa, ambayo, sitaficha, ndiyo niliyokuwa nimeitaja shuleni. Ina ngozi kila mahali, paa la kioo, na mlango wa nyuma unaofunguka wenyewe ukipitisha mguu chini ya bampa. Mama alipoketi kwenye ile ngozi, akasema anateleza kama sabuni. Akaangalia juu, akaona mawingu, akaomba aletewe mwavuli. Tukiwa bado tunamweleza kwamba kioo hakivuji, jogoo alipita chini ya bampa. Mlango ukafunguka. Jogoo akaingia, na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi, kuku wote wakamfuata. Nilitumia muda mrefu kuwatoa, nikiwa na tai shingoni.

"Hii imefanana na jina lake," Mama akasema. "Inafungulia kila anayepita, halafu usafi anafanya mtu mwingine."

Kisha ikaja Swara Muungwana, ya katikati, na hapa naomba usome polepole. Viti vyake vya mbele hupata joto. Bi. Nyaguthii alibonyeza kitufe bila kutuonya. Mama akaegemea nyuma. Akafumba macho. Tukadhani amelala, Rael akamgusa bega.

"Msinisumbue," akasema. "Magoti yamenyamaza."

3. Wepesi wa kuliendesha.

Gari la kawaida hujilinda. Lina klachi, lina gia zinazokwaruza, na lina ufunguo unaogoma. Vitu hivyo viliwekwa na wazee wenye busara ili mtu asijiendee tu. Nyinyi mmeviondoa vyote. Mama alipokwisha kuota joto upande wa abiria, aliomba kuketi upande wa usukani, "nijue kama joto ni lile lile." Nikamruhusu. Ni mama yangu, na gari lilikuwa limezimwa. Kisha akamgeukia Bi. Nyaguthii, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Msichana, hii ikitaka kwenda inafanywa nini?"

Na Bi. Nyaguthii, ambaye inaonekana mmemfundisha kujibu kila swali la mteja, akamjibu! "Unakanyaga breki, Mama, unabonyeza hapa, halafu unavuta hii mpaka D. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu, Bwana Meneja. Swara iliondoka. Ilipita zizi, ikapita matangi ya maji, ikaingia kwenye shamba lililovunwa, na mabua yakaanza kulala chini kwa mistari iliyonyooka ajabu. Nilikimbia nyuma yake nikipiga kelele. Nilisikia gari likilia pi-pi-pi, kengele yenu ya kumwonya dereva anayetoka kwenye mstari wa barabara, na nikamsikia Mama dirishani akiijibu, "Nimeona, nimeona, wacha kelele!" Mwisho wa shamba akageuza kwa mkono mmoja, akasimama, akaanza kurudi kinyumenyume. Mbele yake kulikuwa na ile skrini yenu inayoonyesha nyuma.

"Mama, angalia, kuna mtu!" Bi. Nyaguthii akamwambia.

"Ni Kipyego tu. Atahama."

Nilihama.

Alipozima gari nilimfikia nikihema. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa alijifunzia wapi kusonga ugali. "Baba yako alikuwa na trekta na mgongo mbovu. Ulidhani nani alikuwa analima? Hili shamba wewe mwenyewe umelilima, ukiwa mgongoni mwangu." Nilikuwa nimesikia habari hizo utotoni nikadhani ni hadithi za kunilaza. Rael alianza kulia. Mama akamwambia kama anataka kulia aende kwa ile Swara ya kuku, hii asiilowanishe.

4. Matokeo.

Hakutuuliza. Aliuza mahindi aliyokuwa ameweka, akampigia Bi. Nyaguthii mwenyewe, akaagiza Muungwana ya rangi ya kijani. Akajiandikisha katika shule ya udereva hapa mjini pamoja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake. Akafaulu. Nasikia wale walioanguka walikuja kwake kuombewa.

Sasa sikiliza maisha yetu. Jumatano yuko Soy kwa Mama Shiko, rafiki yake wa tangu enzi za kuuziana miche ya kabeji, ambaye hakuwa ameonana naye tangu mazishi. Nimeambiwa wanakaa ndani ya gari nje ya nyumba ya Mama Shiko, viti vikiwa na joto, wanakunywa chai ya flaski na kusengenya watu. Magoti aliyapeleka hospitali mwenyewe. Daktari akamwambia atembee kila siku. Kwa hiyo sasa anaendesha gari mpaka Kaptagat ili akatembee. Na akichoka kutembea, anaegesha kando ya msitu, anashusha kioo, na wanariadha wakipita mazoezini anawapigia kelele, "Inua goti, wewe! Wewe wa nyuma, nani amekufa?" Ninaona aibu kukuambia kwamba wanamtii. Mmoja alimletea maziwa kumshukuru.

Na sisi? Jumapili iliyopita tulifika Moiben na watoto, tukiwa tumevaa vizuri, tukakuta kufuli. Kigoda kilikuwa kimegeuzwa miguu juu ili mvua isikilowanishe. Tuliketi getini, mimi, mke wangu Jerop, Rael, na watoto wote kwa safu, tukitazama barabara. Jioni ilipokaribia vumbi likatokea, na ndani ya vumbi ule uso wa kijani unaocheka. Mama akashusha kioo.

"Mngepiga simu," akasema. "Mtu hatembelei watu hivyo tu."

Bwana Meneja, mimi ni mtu mzima mwenye mvi. Maneno hayo yaliniuma.

5. Ninachodai.

Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu wa somo langu. Anayechukua mali huchukua na wajibu wake. Mama alikuwa na wajibu wa kuwa nyumbani Jumapili, kutupikia, kutumiminia maziwa ya mgando ya mursik, kuuliza kwa nini watoto wamekonda na kwa nini mimi nimenona. Kampuni yako imemwondoa kwenye wajibu huo. Kwa hiyo wajibu umehamia kwenu. Kwa hesabu hii, ambayo nimeirudia na haina kosa, kampuni yako sasa ndiyo mama yetu.

Basi kuanzia Jumapili ijayo tutakuwa tukija hapo dukani baada ya kanisa. Andaeni ugali na mboga za kienyeji. Mmoja wenu aketi nje kwenye kigoda, shuka mabegani, na akituona aseme, "Mmechelewa." Kama hilo ni gumu, basi tengenezeni daraja la nne, Swara Mzazi, ambayo siku ya Jumapili haivuki geti hata ikibembelezwa. Kuhusu Bi. Nyaguthii, sitaki afukuzwe. Nataka tu aje aketi nasi getini mara moja, aone.

Nakomea hapo kwa unyenyekevu wote. Nisalimie fundi, na bawabu, na yule mama anayewapikia chai, na wote walio chini yako. Mwambie Bi. Nyaguthii kwamba Mama anamsalimu pia, ingawa najua wamezungumza leo asubuhi.

Wako mwenye kuketi mbele ya kufuli,

Edwin Kipyego

TANBIHI: Tafadhali ichane barua hii. Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia honi. Alikuwa Mama, nje ya nyumba yangu, hapa Kapsoya, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu nijenge. Amekuja kutuchukua sote twende Kaptagat. Amekagua jikoni, amesema pazia ni baya, amekunywa chai vikombe viwili. Rael, aliyechukuliwa kwanza, ameshakalia kiti cha mbele. Watoto wanaimba. Mimi nimewekwa nyuma katikati na kikapu cha chakula mapajani, na maneno haya nayaandika juu ya kifuniko chake. Gari hilo msiliguse hata skrubu. Nilimuuliza Mama kama nami siku moja naweza kuliendesha. Alinitazama kwenye kioo, akasema tukirudi, pale barabara iliponyooka, ataniachia usukani kidogo, nikionyesha nidhamu.