Mbao Mbili za Gari Jekundu

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mtihani wa kidato cha nne uliisha Ijumaa. Leo ni siku ya kwanza ya maisha yangu bila sare. Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, nikakaa kitandani, nikakosa pa kwenda. Matokeo ni mwakani.

Mama ameondoka alfajiri kwenda Nkololo kupanda pamba. Ameniachia kazi tatu: kuku, uji na Baba.

Kazi hasa ni Baba. Ameendesha lori la pamba miaka ishirini na miwili, kutoka vijijini mpaka kiwandani. Sasa macho yake yana ukungu. Mtoto wa jicho, alisema nesi mmoja aliyepita mtaani. Baba anasema macho yake ni mazima, ila balbu za siku hizi hazina nguvu. Asubuhi amepita barazani, amesema "Mwangaluka," akauliza habari za nyumbani. Alikuwa analisalimia gunia la mbegu za pamba ambalo Mama alilifunika kanga lisilowe. Halikujibu. Baba amesema watu wa Bariadi wameanza kukosa adabu.

Redio imetangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na kambi ya macho Lamadi. Kupimwa bure, kupasuliwa bure. Lakini Baba alishasikia kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa kwenye beseni, kisha likarudishwa. Haendi.

Nimekaa mlangoni nikijiandaa kumwambia. Nimejiandaa mpaka jua limezama. Mwisho nimesema, "Baba, chakula tayari."

Jumanne, 3 Desemba

Nina mpango.

Baba hatakwenda Lamadi kwa ajili ya macho. Kwa ajili ya gari, atakwenda. Husimamisha mazungumzo yoyote injini ikipita barabarani. Bila kuona anajua ni Fuso ya nani, na kwamba mwenyewe hajabadilisha oili.

Kwa hiyo nimeamua kwamba Lamadi kuna gari. Mtalii ameliacha kwenye hoteli moja, yeye yuko Serengeti kwa gari la wenyeji. Gari la Kiitaliano. Jekundu. Watu wawili tu.

Tatizo: sijui lolote kuhusu gari kama hilo, na Baba ataniuliza. Nimekwenda dukani kwa Mzee Hilali, kwa sababu binti yake, Siwema, ana simu kubwa. Tulisoma darasa moja. Mwalimu akiuliza swali, yeye alikuwa anajibu, mimi nilikuwa najua. Nimemnong'oneza ninachotaka. Amerudia kwa sauti mbele ya wateja wanne: "Elina anataka kujua bei ya gari la Kiitaliano!" Nilijificha nyuma ya mifuko ya sukari.

Lakini ametafuta. Nimenakili kurasa tatu kwenye daftari la Fizikia.

Jioni nimemwambia Baba. Nilifumba macho ili niweze. Nilisema yote kwa pumzi moja: Lamadi, hoteli, jekundu, nguvu farasi mia saba, kutoka kusimama mpaka kilomita mia kwa saa ni sekunde tatu.

Baba ameweka kikombe chini. Ameuliza injini iko wapi. Nimesema nyuma ya viti. Na buti? Mbele. Inabeba nini? Nimeangalia daftari: lita mia na hamsini. Amepiga hesabu, akasema ni kama debe saba na nusu.

"Lori langu lilikuwa na farasi mia tatu na sitini, likavuta tani thelathini. Hili lina mia saba, linavuta watu wawili na begi. Sasa mayu, mwanangu, hao farasi wengine wanafanya nini humo ndani?"

Nimecheka. Naye amecheka.

Jumatano, 4 Desemba

Baba ameamka na maswali. Nilipoleta uji alikuwa tayari barazani, ameuelekeza uso mlangoni.

Uzito? Tani moja na nusu kasoro. Amesema ni marobota manane ya pamba. Breki? Za kauri. Amesema kauri ni sahani. Nimesema ni kauri nyingine, haichoki hata ikiwa nyekundu kwa moto. Amenifanya nirudie.

Kisha nimemsomea utunzaji. Mwenye gari hili asikanyage mafuta mpaka oili ipate joto. Akitoka mwendo mkali, asizime hapo hapo. Aendeshe taratibu injini ipumue. Likikaa siku nyingi betri iunganishwe na chaja yake. Service kila mwaka, hata kama halijatembea.

Baba amepiga goti lake kwa kiganja. Amesema huyo aliyeandika ni dereva. Yeye lori lake alilipasha joto kila asubuhi huku akimuombea kila fundi aliyewahi kuligusa, na utingo wake alikuwa anamcheka. Amenieleza jinsi alivyovuka korongo la Zagayu mwaka wa mvua kubwa, pamba imerundikwa juu mpaka inagusa matawi. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Ni ndefu. Uji umepoa.

Amemaliza kwa kuuliza bei. Nimemwambia ni kama ng'ombe mia nane, na ushuru bado. Amesema hata mahari ya mwanamke wa Kiitaliano haifiki hapo.

Alhamisi, 5 Desemba

Kikwazo. Baba ameuliza kimo cha tumbo la gari kutoka chini.

Nimesoma bila kufikiri: sentimita kumi na moja.

Ameniagiza tofali la kuchoma. Amelipima kwa vidole, akaliweka chini, akalala kifudifudi shavu kwenye udongo, akajaribu kuona pale juu ya tofali. "Kumi na moja," alisema. "Na matuta yote haya?" Nimemwambia kuna kitufe, ukikibonyeza pua inainuka sentimita nne. Ni nyongeza, unaiagiza kiwandani pamoja na rangi ya nyuzi za viti. Ameuliza kama mtalii huyu aliagiza kitufe au alimalizia hela kwenye nyuzi.

Nimesema sijui. Hapo ningesema ndiyo aliagiza kitufe, wasiwasi wake ungeisha.

Baba ameingia nyuma ya jiko, ametoka na mbao mbili. Zile za lori lake, za kukwamulia. Kila dereva wa pamba alikuwa nazo; gari likizama kwenye tope, unazisukuma chini ya tairi. Amesema dereva hamwachi dereva mwenzake akwame, hata akiwa Mwitaliano. Tunakwenda Jumamosi, na mbao zinakwenda.

Nimeshinda! Nimeshinda, lakini kwa mbao.

Ijumaa, 6 Desemba

Siwema ametangaza mtaa mzima kwamba Mzee Mboje, yaani Baba, ananunua gari. Mzee Hilali amekuja mwenyewe kumsalimia Baba. Ameomba likifika limchukulie sukari Lamadi. Baba amemjibu kwa upole kwamba mwisho ni debe saba na nusu, na lazima oili ipate joto kwanza.

Siwema alibaki mlangoni. Ameniuliza kwa sauti ya chini, ambayo sikujua anayo, kwa nini hasa nataka mambo haya. Nimemwambia ukweli kuhusu macho. Halafu amesema nina wazimu, akanipa biskuti za safari. Bado simpendi. Biskuti nimezichukua.

Usiku sikula. Kesho Baba atashuka Lamadi, atauliza gari liko wapi. Sina mpango wa sehemu hiyo.

Jumamosi, 7 Desemba

Tuliondoka na basi la kwanza. Konda aliziangalia mbao.

"Mzee, unahama?"

"Kuna gari limekwama," Baba alisema.

"Wapi?"

"Bado halijakwama."

Konda alizipandisha juu ya basi.

Lamadi kulikuwa na harufu ya dagaa na watu wengi uwanjani, wengi wao wazee, wameshikwa mkono na wajukuu. Nilimwambia Baba gari liko kwenye foleni hii. Ni uongo mbaya kuliko yote niliyowahi kusema. Tulijipanga. Kila hatua Baba aliuliza waliokuwa mbele yake kama wameliona gari jekundu la chini. Mama mmoja alisema yeye haoni hata foleni yenyewe ndiyo maana yuko hapa. Wote walicheka. Nilitaka udongo unimeze.

Kulikuwa na upungufu wa mabenchi. Wazee walikuwa wanakaa chini kwenye unyevu. Nesi alipoona mbao zetu aliomba kuzitumia. Baba alikubali mpaka gari litakapozihitaji. Tuliziweka juu ya matofali, wakakaa watu kumi na mmoja, Baba katikati yao kama mwenye basi.

Hapo nilishindwa. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia hakuna gari. Hakuna mtalii. Nilinakili kwenye simu ya Siwema. Wanapasua macho hapa, na mimi naogopa, kwa sababu juzi alikaribia kukanyaga jiko la mkaa lililowaka.

Benchi zima lilinigeukia. Watu kumi na mmoja.

Baba alisema anajua.

Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu Jumanne. Mtu mwenye gari la namna hiyo halilazi nje siku moja bila turubai, na mimi, niliyetaja hata lita za buti, turubai sikulitaja. Nilimuuliza basi kwa nini amekuja.

Alinitafuta kichwa kwa mkono, akakosea kidogo, akashika sikio.

"Tangu uende sekondari husemi nami ila shikamoo na chakula tayari. Wiki hii umesema. Nikaona nikikubali kwamba hakuna gari, utanyamaza tena."

Nilimuuliza: na mbao?

"Mbao ni mbao," alisema. "Je, kama lingekuwepo?"

Wakaita jina lake. Alisimama. Aliniambia nimsomee ile ya oili tena, mpaka mlangoni. Nilisoma. Kwa sauti. Mbele ya uwanja wote.

Jumapili, 8 Desemba

Tumelala kambini. Jicho la kulia limepasuliwa, la kushoto litapasuliwa mwezi wa tatu. Hakuna beseni, Baba aliuliza.

Asubuhi nesi amembandua bandeji. Baba amepepesa jicho. Ameomba daftari la Fizikia, akafungua nilipochora gari. Ameliangalia sana. Amesema magurudumu ni kama chapati, na nimechora milango minne.

Halafu ameniangalia mimi. Ameuliza kovu la kidevuni nimelipata wapi. Nimemwambia nilianguka na ndoo kisimani, mwaka jana. Amesema hakuna aliyemwambia.

Nimesema ni kweli. Nilipaswa kumwambia mimi.

Nimemwambia basi, yote, njia nzima mpaka Bariadi. Barazani amelipita gunia bila kulisalimia. Kisha amerudi nyuma, akalisalimia kwa makusudi, akaliomba radhi.

Jumanne, 10 Desemba

Mama amerudi kutoka Nkololo, shavu limevimba. Jino, wiki ya tatu sasa. Anasema ni upepo wa shambani. Alishasimuliwa habari za gari na kila mtu tangu stendi, na amecheka upande mmoja wa mdomo.

Alhamisi daktari wa meno atakuwa zahanati ya Zagayu. Nimejitahidi kumwambia Mama kama mtu mkubwa, moja kwa moja, jino ni jino. Nimefungua mdomo. Nimemwambia Zagayu kuna trekta linalopanda pamba lenyewe, bila dereva.

Mama ameniangalia. Ameuliza lina nguvu farasi wangapi.

Nimesema nitaangalia. Nimeshaazima simu ya Siwema.

Baba alikuwa barazani, jicho moja wazi, anasoma gazeti la mwezi wa tisa. Amekohoa, akauliza kama tutahitaji mbao.