Leza kwenye Mlango wa Baba Mkwe

Jumatano, 16 Oktoba 2024
Jumapili wazee wangu wanapeleka posa kwa kina Mwanaisha, hapa Magomeni. Baba yake, Mzee Athumani, hanitaki. Anamtaka Rashidi, fundi wa madirisha ya alumini. Mkosi gani huu! Ila leo nimepata upenyo. Mlango wa Mzee, ule wa alumini ya rangi ya kahawa, umegandwa na waa jeusi la mafuta ya maganda ya korosho. Rashidi kalisugua kwa sabuni, wapi! Nikamwambia Mzee nitalitoa kwa mwanga tu. Akaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Rafiki yangu Fadhili, mwenye karakana karibu na bandari, kaniazima mashine yake ya leza, ile ya kusafisha vyuma kwa mwanga mkali. Nimeijaribu kwenye geti bovu. Kutu yote imepukutika! Fadhili akaonya kuwa rangi ya mlango ule haikupakwa, imeoteshwa kwa umeme kwenye alumini yenyewe, ngozi nyembamba kabisa. Nianze na nguvu ndogo, pembeni, kusikoonekana. Kusikoonekana! Sasa nitasifiwaje?

Ijumaa, 18 Oktoba
Baada ya swala, ukoo mzima ulijaa barazani, Rashidi akiwemo. Nikavaa miwani ya kazi. Nikawaamuru wote wageukie ukutani, mwanga usiwaharibu macho. Mzee Athumani na kanzu yake, uso ukutani! Raha iliyoje! Nikaweka nguvu ileile ya geti, nikalenga katikati.
Waa likatoka. Rangi nayo ikatoka. Pakabaki peupe, upana wa sinia. Nikasema bado, msigeuke. Nikasawazisha kushoto. Nikasawazisha kulia. Mwanaisha akauliza mbona kimya. Walipogeuka, mlango ulikuwa punda milia. Rashidi alicheka mpaka akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 20 Oktoba
Posa imepokelewa! Mwanaisha kawaambia kwao ni mimi au basi. Nampenda mno. Mzee kakubali kwa sharti: mahari ni mlango mpya, autengeneze Rashidi, na mimi nisiuguse kabisa. Nimeapa mbele ya wazee wote.

Jumamosi, 2 Novemba
Mlango mpya umeshafungwa mahali pake. Unang'aa, siwezi kukataa. Ila katikati kuna alama ya gundi, dole gumba la Rashidi zima zima! Ndiye fundi wa kusifiwa huyo? Nimempigia Fadhili, mashine ipo. Kweli niliapa kutougusa mlango. Lakini leza haigusi kitu.