Mawazo Yenye Pembe

Mtu anayeagiza nyama ya kuchemsha halafu anaila kwa macho tu, ama yuko kwenye mfungo, ama ni mteja. Deogratias alimtazama vizuri yule mzee wa meza ya pili, akaamua ni mteja.

Walikuwa kwenye banda la Benedikta, mama ntilie wa karibu na stendi ya Bariadi, ambaye pia alimpangisha Deo chumba cha uani. Mzee huyo aliitwa Luhende, mfugaji wa Shishiyu, mwenye tumbo la heshima na fimbo ya kung'aa. Kila akitia pande la nyama mdomoni alishika shavu, akafumba macho kama anayesali, akalirudisha sahanini. Mkewe, Nyanjige, alikuwa analifuata kila pande lililorudi, anakula bila huzuni.

"Mwadila, mayu," Deo alisalimia. Kisukuma chake karibu kiliishia hapo. Yeye ni mzaliwa wa Morogoro, Bariadi alifuata harufu ya pesa za pamba. "Mzee anaumwa jino?"

"Meno mazima," alijibu Nyanjige. "Ni taya. Akilala analikaza kama ameng'ata kamba ya ndama. Halafu anaanza kusaga. Nimeolewa na mashine ya unga, mwanangu, tena isiyo na unga."

"Gashi! Unanitangaza mjini?" Luhende alilalamika kupitia upenyo mdogo aliobakiwa nao mdomoni.

"Nikutangaze mara ngapi? Hata mbwa wameshahamia kwa jirani."

Moyo wa Deo uliruka sarakasi. Tumpe haki yake: katika wajanja wote waliowahi kuuza miwani isiyo na vioo, huyu peke yake alikuwa na elimu ya taya. Aliwahi kupaka rangi kuta za kliniki moja ya meno huko Mwanza, na kwa kuwa alikuwa mvivu, alikaa sana juu ya ngazi akisoma mabango. Udaktari wake wote ulitoka kwenye ngazi hiyo.

Aliingia chumbani, akatoka na koti jeupe. Lilikuwa la muuza nyama, lakini nyeupe ni nyeupe.

"Daktari Deo, bingwa wa taya," alijitambulisha, akimkandamiza mzee kwenye panja. "Asubuhi kichwa kinagonga hapa?"

"Kinagonga!"

"Na masikio kama yanauma, lakini hayaumi?"

"Hivyo hivyo!" Luhende alimgeukia mkewe. "Huyu anajua. Kaka yangu aliniambia ni minyoo. Shangazi akasema kuna mtu ananilisha nyama ndotoni."

"Minyoo tuiache, inasingiziwa mengi. Na huyo wa nyama, angekuwa mkarimu kiasi hicho angekulisha mchana. Kahawa jioni unakunywa?"

"Nakunywa."

"Pombe?"

"Kidogo."

"Cha ndoo," alisahihisha Nyanjige.

"Na mawazo? Ukijilaza, kichwani kuna nini?"

Mzee alichora ardhi kwa fimbo. "Ng'ombe."

"Wote?"

"Yaya, si wote. Mmoja. Jike jekundu. Daktari, yule si ng'ombe, yule ni kesi. Anavunja zizi, anaingia kwenye pamba ya watu. Juzi kala majoho ya kwaya yakiwa kwenye kamba. Nikilala, sikio moja liko zizini. Nikiamka, taya limegoma."

"Amenona?" Deo aliuliza, kwa sauti ya kitabibu.

"Ataachaje kunona kwa majoho yale!"

Hapo ndipo mchongo ulipozaliwa, mzima, una kwato nne. Deo alimwona yule ng'ombe mnadani, akaiona noti ikipokelewa, akajiona ndani ya basi la Dar, kiti cha dirishani, hana habari na mtu. Alikuwa amechoka Bariadi. Mji ulishaanza kumjua sura.

Alitoa masharti kwa uso wa mazishi. Kahawa na pombe za jioni marufuku. Kitambaa cha maji ya moto mashavuni kabla ya kulala. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Haya yote, niseme ukweli, yalikuwa sahihi. Yalikuwa yametoka bangoni neno kwa neno. Kisha akatoa kinga ya meno ya kuvaa usiku. Bango lilisema kinga hiyo hupimwa na daktari wa meno, lakini mstari huo Deo aliuruka kama dimbwi. Yake aliichonga kwa kisu cha jikoni, kwenye kandambili yake ya kushoto.

Nyanjige aliigeuza geuza. "Mbona ina mistari kama ya ndala?"

"Imetoka Ujerumani, mayu."

"Wajerumani wanavaa ndala mdomoni?"

"Na mwisho," Deo alisema haraka, "dawa kubwa. Kile unachokiwaza kiondoke kwako. Ng'ombe huyo akabidhiwe mtu asiyemwogopa. Mtu mtulivu. Mtu wa tiba." Akakohoa kwa unyenyekevu, kama askofu anayelazimishwa kupewa gari.

Luhende alimtazama Nyanjige. Nyanjige alimtazama Luhende. Wanandoa wa muda mrefu huongea hivyo, na Deo, bahati mbaya, hakuwa ameoa.

"Sawa," alisema mzee. "Lakini kwetu ng'ombe hatoki kimya kimya. Njoo nyumbani, tuite mashahidi."

Kesho yake Deo alipanda bodaboda hadi Shishiyu, mguu mmoja kandambili, mguu mwingine kiatu. Jirani aitwaye Mayige alikuwepo, na Sylvester, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji wanaomfuata mwizi wa ng'ombe mpaka awe amejuta kuzaliwa na miguu. Jike jekundu lilikuwa limefungwa kwa kamba mbili, linanona na kudharau.

Luhende alishika kamba, akasimama wima. "Mbele ya hawa, ng'ombe huyu nakubilisa. Umekubali?"

Kubilisa! Deo alilipenda neno lenyewe. Lilikuwa zito, lina heshima, bila shaka ni zawadi ile ya kutoka moyoni kabisa, ambayo Kiswahili hakijaitafutia jina.

"Umenibilisa, nami nimebilisika," alijibu, akainama. "Mikono miwili!"

Mashahidi walipiga makofi. Mayige alipiga zaidi ya wote. Shamba la pamba alilozoea kulivamia ng'ombe huyo lilikuwa lake. Nyanjige alilazimika kuingia ndani ghafla, akisema jikoni kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na moshi.

Deo hakumlaza ng'ombe hata usiku mmoja. Alimkokota moja kwa moja mnadani, au tuseme walikokotana. Mnunuzi mmoja, Anatoli, alikagua meno, akapapasa mgongo, kisha akaona alama ya moto kwenye paja.

"Huyu wa Luhende."

"Alikuwa. Amenibilisa."

Anatoli aliliachia paja. Kisha akaita wenzake. "Njooni! Huyu kabilisiwa, halafu anauza!"

Kicheko kilizunguka mnada mzima, hata mbuzi wakaonekana kushiriki.

"Ngosha," Anatoli alisema akijifuta machozi, "kubilisa si kupewa. Ni kukabidhiwa ng'ombe wa mtu umtunze. Maziwa yako, samadi yako, kumkimbiza ni kwako. Ng'ombe ni wake. Akipotea, unajibu wewe. Ukimuuza, umeiba. Shahidi nani?"

"Sylvester," alisema Deo, kwa sauti iliyopungua.

"Wa sungusungu?" Anatoli alirudisha mkono wake mfukoni. "Basi mpe majani, ndugu yangu. Mpe na pole."

Mnyama alirudi uani kwa Benedikta. Maziwa hayakuwepo, kulikuwa na mateke tu. Kabla jua halijazama, jike hilo lilikuwa limekula ufagio, pazia la choo, na koti jeupe lote isipokuwa vifungo. Deo alijaribu kumrudisha kesho yake. Mayige alimkuta njiani, akamwambia kwa upole kwamba aliyekubali mbele za watu hurudisha mbele za watu, na watu wote wako shambani mpaka pamba iishe.

Baada ya wiki, Luhende alikuja mjini. Alikaa mezani kwa Benedikta, akaagiza nyama ya kuchoma, yenye mfupa, akaiponda kwa meno kama kijana. Nyanjige safari hii aliagiza sahani yake.

"Mzee," Deo alinong'ona, macho mekundu, mkono shavuni, "umeniingiza mjini."

"Mimi? Mimi ni wa kijijini, daktari. Nimekuingiza kijijini." Luhende alilamba vidole. "Si ulisema niyaondoe mawazo? Mawazo yangu ndiyo hayo, yana pembe. Nalala kama mtoto. Tiba yako ni ya kweli kabisa."

"Ni ya kweli," alidakia Benedikta, akipanga vikombe. "Maana huyu sasa anasaga mpaka wapangaji wananiuliza nimenunua mashine ya umeme au ya dizeli."

Uani, kitu kilivunjika. Deo aliruka, taya likafunga *ka!* kama mlango wa duka.

Luhende aliingiza mkono mfukoni, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye karatasi. "Hii sikuihitaji. Nimeiosha."

Deo aliifungua. Alisubiri wote wageuke kumwangalia ng'ombe aliyekuwa anapita na shuka la mtu kwenye pembe, akaitia mdomoni haraka.

Ilimtosha. Hata ladha aliitambua: mguu wa kushoto.